Msumeno wa Mjomba Shija na Bolti ya Plau

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua za kwanza pale Didia, ardhi inanukia na kila mtu anawahi shamba, mimi nimepiga magoti uani kwa mjomba wangu Shija, nakata chuma kwa msumeno wa mbao. Mwanangu, usicheke bado. Saa ile nilijiona nina akili kuliko kijiji kizima.

Nikueleze nilivyofika hapo. Shule niliiachia darasa la tano. Sikufukuzwa na mtu, miguu tu haikutulia. Nilikaa Runzewe, nikakaa Katoro, nikashika sululu kwenye mashimo ya dhahabu, nikabeba magunia ya mahindi, na kila nilikopita nilisimama kuchungulia watu wanavyofanya kazi zao. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Mimi nilidhani yangu inanishibisha.

Katoro ndiko nilikomwona mzee mmoja aliyekuwa akiyeyusha aluminiamu chakavu, anaimimina kwenye umbo la mchanga na kutengeneza sufuria. Sufuria ikitoka kwenye mchanga huwa na kipande kilichozidi, kimechomoza kama kitovu. Mzee yule alikikata kwa msumeno wa seremala, taratibu, kama mtu anayekata mkate. Nikaduwaa. Kumbe msumeno wa mbao hukata chuma! Nikalibeba jambo hilo kama mtu aliyeokota dhahabu njiani, nikaenda zangu bila kuuliza neno.

Mwishowe miguu ikanirudisha Didia, kwa Mjomba Shija, mkulima na seremala. Msumeno wake aliupaka mafuta na kuufunga kwenye kipande cha kaniki, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuugusa. Asubuhi hiyo alikuwa amekwenda kumjulia hali jirani yetu, Mama Nkwimba, aliyekuwa ameugua muda mrefu. Huku nyumbani plau ilikuwa haiwezi kutoka. Bapa lake lilikuwa limelika, jipya lipo, lakini bolti iliyoshika lile kuukuu ilikuwa imeganda kwa kutu. Spana inateleza tu. Ng'ombe wamesimama, mvua imenyesha. Nikasema moyoni, mjomba akirudi akute kazi imekwisha. Nikafungua kaniki.

Ule mlio nausikia mpaka leo. Kuku walikimbia. Nilisugua, nikabadilisha mkono, nikasugua tena. Bolti ilikwaruzika kidogo, kama imeng'atwa na panya. Nilipougeuza msumeno niutazame, sikuelewa ninachokiona. Palipokuwa na meno pamekuwa laini kama mgongo wa kisu. Nikapapasa kwa kidole, nikapapasa tena. Mbona wa Katoro haukuwa hivi?

Nikiwa bado nimeushika, mjomba akaingia.

"Mama Nkwimba ametutoka," alisema. "Nipe msumeno, tukamtengenezee jeneza. Wanataka azikwe leo hii, mvua isije ikajaza kaburi."

Nilimpa. Akautazama upande huu, akaugeuza. Akaitazama bolti. Nikasubiri kofi. Nililitaka kofi lile, mwanangu, maana lingenionyesha nimesimama wapi. Badala yake akasema, "Beba. Twende."

Seremala mwingine wa karibu alikuwa amesafiri na zana zake. Kwa hiyo tulifika msibani na mbao, na msumeno usio na meno. Mjomba akauweka mkononi mwangu mbele ya watu wote. "Kata," akasema.

Nikakata. Ubao ukang'aa tu.

Watani wa marehemu walikuwapo, na mtani msibani hana breki. Mama mmoja akakaza kanga kiunoni, akanisogelea.

"Jamani, huyu kijana anakata ubao au anaupiga pasi?"

"Mwache," mwenzake akadakia, "anataka marehemu ajitazame humo kama kwenye kioo."

"Basi akimaliza anipigie na gauni langu, nalo limekunjamana!"

Watu wakacheka na machozi yao usoni. Mimi sikujua nicheke au nilie. Asiyecheka alikuwa mmoja tu, Baba Nkwimba, mume wa marehemu, ameketi kwenye kigoda mlangoni akinitazama. Nilijua ninachomfanyia. Mkewe amelala ndani, watu wamekusanyika, kaburi liko wazi, na mimi nasugua ubao.

Hatimaye mjomba akawaendea wazee, akaomba mazishi yasogezwe hadi kesho. "Kosa ni la nyumba yangu," aliwaambia. Hakusema ni la kijana huyu. Hilo nalo lilinichanganya.

Tukakaa chini yeye na mimi, na tupa ya pembe tatu, tukaanza kuurudishia msumeno meno. Yeye jino, mimi jino.

"Nani alikufundisha kukata chuma kwa msumeno wa mbao?"

"Niliona Katoro, mjomba."

"Ulimuuliza mwenyewe kwa nini anautumia huo?"

"Hapana."

"Basi uliiba mkono," alisema, "akili ukaiacha kwa mwenyewe."

Tukanoa mpaka jua likazama.

Kesho yake jeneza lilikamilika asubuhi, na Mama Nkwimba akazikwa. Watu walipoanza kutawanyika, Baba Nkwimba akaniita. Nilikwenda nimeinamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akanishika mkono, hakuuachia. "Wabeja," akasema, yaani asante. "Jana walikuwa wananiharakisha. Wewe umenipa usiku mmoja. Nimekaa naye, nimemwambia ambayo nilikuwa sijamwambia."

Jana nilikuwa mharibifu, leo nashukuriwa kwa uharibifu uleule. Nikamkimbilia mjomba. "Kwa hiyo mjomba, nilifanya vizuri?"

"Uliharibu msumeno," akasema. "Hilo lingine si lako."

Nimelizungusha neno hilo kichwani miaka yote hii, na bado siku nyingine linanipotea.

Ile bolti? Mjomba aliimwagia oili chafu, akaiacha ilowe. Aliporudi na spana, nati ikazunguka. Haikuhitaji kukatwa kabisa.

Na mimi sikutulia mpaka nilipopata lifti ya kwenda Katoro. Nilimkuta mzee wa sufuria palepale, na msumeno wake uleule.

"Huu?" akacheka. "Huu ulishakufa zamani, seremala aliutupa. Mbao zimeukataa, ndiyo maana naumalizia kwenye aluminiamu, ambayo ni laini. Ungeugusisha chuma chenyewe, usingekata hata msumari."

"Mzee, mbona siku ile hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Mwanangu, siku hizi mnaona kwenye simu kijana anakata nondo uani kwao, dakika haijaisha kipande kimeanguka, nanyi mnanyanyuka kwenda kuchukua zana za baba. Kuona si kosa. Mimi nimeishi kwa kuona, na sijachoka kuchungulia hata sasa. Lakini anayekuonyesha kazi hakuonyeshi alichoharibu kabla hujafika. Muulize anakata nini, kwa nini anatumia hicho, na kingekuwa kizima angekitumia hivyo? Aibu ya kuuliza ni ya muda mfupi. Yangu ilisimama msibani, watu wakaiimba. Msumeno wa chuma upo, uazime. Kama haupo, subiri, pengine ni oili tu inayotakiwa. Na chombo cha mtu usikifungue kwa sababu hayupo, hata kama unataka kumfurahisha.

Na ikitokea kosa lako likamzalia mwingine heri, mshukuru Mungu kimyakimya, kisha kaa chini unoe ulichokiharibu.

Mungu akujalie miguu ya kutembea na mdomo wa kuuliza. Akupe mjomba wa kukaa nawe, yeye jino, wewe jino. Nawe ukizeeka, uwe mjomba huyo kwa mwingine. Amina.