Mwongeli na Njia ya Puani

Mwongeli, mkazi wa Kaloleni, alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda kimoja huko Baba Dogo. Miaka ya tisini ilipofika katikati, mwili wake ulianza kumgeuka. Pete ya ndoa ilikatwa kwa msumeno kwa jinsi kidole kilivyonenepa. Viatu vikakataa kuingia, taya likatangulia mbele. Dada yake alipokuja kutoka Machakos, alimpita mlangoni akiulizia nyumba ya Mwongeli. Mwongeli mwenyewe akamwelekeza. Hakuona uchungu wala aibu, kana kwamba aliyepitwa ni mtu mwingine.

Kisha akagongwa na mkokoteni uliomjia ubavuni, asiuone kabisa. Mumewe Mwangangi, dereva wa kanjo, yaani baraza la jiji, akampeleka hospitali.

Daktari Andati aliwaonyesha picha za kichwa. "Tezi iliyo chini ya ubongo imeota uvimbe," alisema. "Ndio unaokuza mikono. Pia umesukuma mishipa ya macho kutoka chini, kwa hiyo mama haoni pembeni. Tutaingilia puani kuutoa, na kamera nyembamba kama penseli."

"Puani?" Mwangangi alishtuka. "Ubongo na pua wapi na wapi?"

"Ni majirani, mzee. Nyuma kabisa ya pua kuna chumba kitupu ndani ya mfupa, na tezi iko ng'ambo ya ukuta wake. Shida iko kandoni. Mishipa mikubwa ya damu inapita kulia na kushoto. Katikati ya chumba kuna kiambaza, ukuta mwembamba wa mfupa, na cha mama kimepinda kikashikana na mshipa wa kushoto. Nikikivunja kwa pupa, damu haitazuilika."

Mwangangi alijishika kichwa. Mwongeli aliuliza kama angerudi kazini kabla ya Krismasi.

Mwongeli alipozinduka baada ya upasuaji, pua ilikuwa imeshindiliwa bandeji.

"Kiambaza tulikikwangua polepole," daktari alimwambia. "Kipande cha uvimbe kimeng'ang'ania mshipa. Nimekiacha."

"Sawa," akasema.

Baada ya siku chache, akiwa anatazama dari, alimwona Mwangangi ameketi kando ya kitanda. Mwongeli hakuwa amegeuza shingo; sasa aliona pembeni.

"Umenyoa ndevu vibaya, Baba Nzivo."

Mwangangi akaangua kilio. Mwongeli alimshika mkono, akangoja machozi yake mwenyewe. Hayakuja.

Mikono ilinywea kidogo. Taya lilibaki vile vile. Harufu ndiyo iliyoondoka. Siku moja kantini alikuwa amesimama juu ya sufuria, mwiko mkononi, mara Lenah, mpishi mwenzake, akapiga kelele kutoka mlangoni.

"Mama Nzivo! Maharagwe yanaungua!"

Mwongeli akachungulia. Kweli, moshi ulikuwa unafuka. Akaiepua sufuria.

"Hukusikia harufu?"

"Sisikii tena."

Lenah akaja, akainusa sufuria. Tangu hapo yeye ndiye akawa wa kunusa. Mwongeli akaendelea kupakua, watu wakila.