Siku Walipokuja Bila Viti

Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Mama yangu aliniambia pale bandarini Kigoma, siku nilipovuka ziwa kwenda kufundisha Kongo: "Mwanangu, ugenini uliza kwanza, ugombe baadaye." Nikamcheka. Miaka tisa nimeshika chaki, nani wa kunifundisha kuendesha darasa?

Shule yenyewe ilikuwa ya kanisa, Salamabila, kwenye milima ya dhahabu ya Kabambare. Wachimbaji na wachuuzi walitaka watoto wao wajue Kiingereza, na Kiingereza ndiyo kazi yangu. Wiki za mwanzo nilihangaika. Kila mtu ananiita madamu, kila salamu ina Kifaransa ndani yake, na Kiswahili changu cha Kigoma kinawachekesha watoto mpaka wanalala juu ya madaftari. Aliyenipa moyo ni mama mmoja mjane aliyeuza sombe, kisamvu chetu, na samaki wakavu wa Nyangwe kando ya lango letu. "Utazoea tu, madamu," alikuwa akiniambia, huku akiniongezea samaki mmoja. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa darasani kwangu: mdogo kuliko wote, mtiifu kupita kiasi.

Madawati hatukuwa nayo. Kila mtoto alikuja asubuhi na kiti chake cha mti kichwani, na saa sita akarudi nacho nyumbani. Nilipenda kuutazama ule mstari wa viti ukiteremka mlima. Nilidhani ni umaskini wa shule tu, basi.

Jumanne moja walikuja bila viti. Wote thelathini na wawili, mikono mitupu, kimya. Meza ya mama wa sombe pale langoni ilikuwa tupu, na barabarani pikipiki zilikuwa zinateremka tu, hakuna hata moja inayopanda. Haya yote niliyaona. Halafu hasira ikanipanda nikasahau.

"Viti viko wapi? Mmegoma?" Wakaangalia chini. "Haya, nyumbani wote! Na asirudi mtu hapa bila kiti!"

Wakatoka mmoja mmoja. Yule binti akasimama mlangoni, akaniangalia. Kwao ni ng'ambo ya kijito, upande wa mashimo ya dhahabu. "Na wewe unangoja tarumbeta?" nikamwambia. Akaenda.

Nikabaki nasahihisha madaftari, nikijisifu moyoni kwamba leo nimewanyoosha. Nje hakukuwa na sauti ya mtu, wala ya kuku. Mara direkta wa shule akaingia akitweta.

"Watoto wako iko wapi?"

Nikamweleza. Akashika kichwa.

"Madamu! Hatukukuambia? Uvumi wa watu wa silaha ukipita, hatuusemi kwa mudomo. Kuusema ni kuuita. Mutoto anakuja bila kiti, ili akikimbia asibebe kitu, na mwalimu anaelewa. Leo tulitaka wakae hapa, tuwatoe wote pamoja."

Hajamaliza, risasi zikalia ng'ambo ya kijito.

Nilitaka kwenda kule. Direkta akanishika mkono akanivuta, mzee wa watu, nguvu zile sijui alizitoa wapi. Tukakimbia na umati kwenye barabara ya Kasongo, tukatembea mpaka miguu ikavimba, wakulima wa kijiji kimoja wakatupokea ndani ya kanisa lao. Wanafunzi wangu wakafika na wazazi wao, nami nikawahesabu, nikarudia, nikarudia tena. Thelathini na mmoja.

Siku ya pili mchana akaingia mama wa sombe. Risasi zilimkuta shambani. Alikuja kwangu moja kwa moja, uso una matumaini, maana mtoto alimwacha mikononi mwangu.

"Madamu, mutoto wangu iko wapi?"

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia nilimrudisha nyumbani kuchukua kiti. Hakunitukana. Laiti angenitukana! Alikaa chini akageukia barabara, na chakula tulichomletea hakukigusa. Niliogopa, jamani, niliogopa mpaka nikashindwa kusali.

Siku ya tatu, jua kali, kundi la wachimbaji likatokea kwenye kona. Nyuma yao mtoto mdogo, vumbi tupu, mguu mmoja umefungwa kitambaa, na kitu kichwani. Mama yake akaruka. Wakashikana pale pale barabarani, watu wakalia. Mchimbaji mmoja akatueleza kwamba walimsihi njia nzima akitupe kile kiti, kinamchelewesha, na mara moja kwenye vichaka nusura kiwaponze wote. Alikataa katakata.

Akaja mpaka mbele yangu, mzigo hajautua.

"Madamu," akasema, "ulisema nisirudi bila kiti."

Mama yake akakishusha. Akakifuta vumbi kwa pembe ya kikwembe chake, taratibu, akakiweka karibu na miguu yangu.

"Ukae, madamu."

Kanisa zima lilikuwa limekaa chini kwenye udongo, na yeye pia akakaa chini na mwanawe. Nikakaa kwenye kiti.