Gari Lisilorudi Nyuma

Oili ya giaboksi ikiungua hunuka kama maharage yaliyosahauliwa jikoni, na harufu hiyo ndiyo iliyotangulia kufika nyumbani kwetu Kasulu msimu ule wa mavuno. Nyuma yake likafuata gari la baba, likivutwa na trekta. Lilikuwa la kizamani, kuukuu kuliko dada yangu Spesioza, na baba aliuziwa na padri mmoja aliyekuwa akirejea kwao Ulaya. Lilikuwa la otomatiki wakati magari mengine mjini yalikuwa ya kukanyaga klachi, na kwa kuwa halikushtuka likiondoka, maharusi kuanzia Muyama hadi Murungu waligombania kulikodi. Sasa lilikuwa limekata pumzi kwenye mlima wa Busunzu, injini ikinguruma na magurudumu yamesimama. Spesioza alikuwa ameposwa Kibondo, na harusi ilipangwa mara baada ya mavuno. Baba alikuwa amebeba mabinti wa watu wote. Kumkodia wa kwake gari la mtu mwingine ilikuwa aibu asiyoweza kuimeza.

Akaitwa fundi Kasongo, Mkongo aliyependa kuimba akiwa kazini na kujisifu akimaliza. Aliishusha giaboksi, akaifungua juu ya turubai letu la kuanikia maharage, na mimi na Spesioza tukaosha vyuma kwa mafuta ya taa mpaka vidole vikachubuka. Ndani mlikuwa na sahani nyembamba za duara, zimepangwa tabaka kwa tabaka. Za kwendea mbele zilikuwa zimeungua na kuwa nyeusi tii. Za rivasi, ambazo hazina kazi nyingi, zilikuwa nzima bado, tena za ukubwa uleule. Spea za gari lile hazikupatikana Kigoma wala Mwanza.

"Papa, sahani iko ya njia moja tu," Kasongo alisema. "Natoa za nyuma, natia mbele. Ao tuache vile iko. Chagula."

"Bibi harusi arudi nyuma aende wapi?" baba akajibu. "Weka mbele."

Lisilo budi hutendwa. Gari likapona nusu, na tangu hapo baba akawa analiegesha pua ikitazama barabara, akikosea tunasukuma. Siku ya harusi habari ilikuwa imeshaenea, na wanawake wa ukoo wakaipigia vigelegele: kwetu bibi harusi akishatoka hageuki kutazama alikotoka, na sasa hata gari lake lilikuwa haliwezi. Spesioza alicheka mpaka poda ikachuruzika na machozi. Baada ya hapo wateja waliongezeka, kila mzazi akitaka binti yake apelekwe na gari lisilorudi nyuma. Nami nilitamba shuleni kana kwamba giaboksi ile niliitengeneza mimi.

Mavuno yaliyofuata, muuza dagaa mmoja aliyetoka Kibondo alituambia kwamba Spesioza anapigwa na mumewe, na kwamba mkono wake wa kushoto umefungwa banzi. Mama alisema mvumilivu hula mbivu. Baba alitoka kwenda kupima oili ya gari. Asubuhi aliniketisha kando yake, tukaenda. Uwanja wa wakwe ulikuwa mwembamba, umezungushiwa minyaa, lango moja tu. Spesioza alitoka na kifurushi kabla hajaitwa, akaingia kiti cha nyuma. Mama mkwe wake akaenda kusimama langoni, nyuma ya gari letu.

"Mwakeye, mzazi mwenzangu," alimwamkia baba kwa Kiha. "Gari lililomleta halirudi nyuma. Mlitutangazia wenyewe."

Wanaume wa nyumba ile walikuwa wameketi barazani, na hakuna aliyeinuka kutusukuma.

"Ni kweli, mama, halirudi," baba alisema. Akakata usukani, akapanda juu ya matuta ya viazi vitamu vya yule mama, tukaizunguka nyumba nzima mpaka pua ikatazama lango. Yule mama akapisha. Niliogopa sana, na sijawahi kumpenda baba kama siku ile.

Hakukubali tena kubeba bibi harusi mpaka Kasongo alipopata giaboksi ya gari bovu ng'ambo, Burundi, akatoa humo sahani za rivasi, akazitia kwenye yetu. Tangu hapo, kabla ya kumpakia binti wa mtu, baba alilirudisha gari nyuma hatua chache pale uwanjani, bibi harusi akiangalia. Wazee walinung'unika kwamba anatia nuksi, na wateja wakapungua. Hakuacha.

Leo gari langu lina kioo kinachonionyesha kila kilicho nyuma, na hulia nikikaribia ukuta. Watoto wangu hawajui kwamba rivasi iliwahi kuwa kitu cha kutafutwa hadi nchi ya jirani. Spesioza ana duka la vitenge Kasulu, na mkono humuuma nyakati za baridi. Siku ya harusi yangu baba alifanya vilevile: alirudi nyuma hatua chache, akasimama, akashuka kunifungulia mlango. Sijawahi kuihitaji rivasi ile. Lakini usiku wangu wa kwanza ugenini nililala usingizi, kwa sababu nilikuwa nimeiona ikifanya kazi.