Kuku wa Arubaini Yangu

Mama mkwe wangu aliponunua mitetea sita na jogoo, si kwamba alipenda kuku. Tumbo langu la kwanza lilikuwa limeanza kuonekana, na kwetu Unguja mzazi hulishwa kuku wa kienyeji mpaka arubaini yake itoke, kwa supu ya pilipili manga inayomtoa mtu machozi na, wasemavyo wenyewe, uchafu wote wa uzazi. Desturi ilitaka mimba ya kwanza nikajifungulie kwa mama yangu. Mama yangu alibaki Unguja, na sisi tulikuwa Maskati, tumekuja baada ya mambo ya sitini na nne na masanduku mawili na cherehani. Kwa hiyo roho yangu ilikuwa mikononi mwa mama mkwe na kuku wake, na nilikuwa naogopa kufa. Nalisema wazi sasa kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu.

Nyumba yetu ilikuwa nje ya ukuta wa mji, vyumba viwili chini ya mlima, na majira ya baridi mbweha hushuka mlimani kutafuta chakula. Siku zile ilikuwa marufuku mtu kutembea usiku Maskati bila ya taa mkononi. Mbweha hawakupata habari.

Tulipoamka tukakuta manyoya tu ya mtetea wa kwanza, mama mkwe akatangaza vita. Tatizo ni kwamba alipigana na adui wa Unguja. Kule hatuna mbweha. Wezi wa kuku aliowajua yeye wote hutoka juu: mwewe, kunguru, paka shume wa kuruka mapaa. Akaliezeka banda upya kwa makuti ya mtende, akaongeza mbao, akaongeza mawe, mpaka likawa na paa madhubuti kuliko letu, ambalo lilivuja. Chini akaacha mchanga mtupu. Mbweha akachimba kwa raha zake, akaingia, akachukua wawili.

Jirani yetu, bibi wa Kiomani aliyezaliwa papo hapo, alikuja kutupa pole akacheka mpaka akashika ukuta. Akatupeleka kutuonyesha banda lake: pande zote alikuwa amefukia matawi ya mkunazi, miba imeelekea nje. Mbweha akichimba anachomwa pua. Mikunazi ilijaa bondeni, bure kabisa, na majani yake yeye alioshea nywele.

Kwetu majani hayo huoshewa maiti.

"Sitaki!" mama mkwe akasema tulipobaki wawili. "Mti wa kuoshea maiti uje ukae uani kwangu, na weye una mimba? Mwiko!"

Akaleta dawa zake mwenyewe. Alifukiza ubani banda zima mpaka kuku wakapiga chafya, kisha akamfunga jogoo hirizi shingoni. Siku ya pili mbweha akaondoka na jogoo pamoja na hirizi yake, kwa hiyo kama ile hirizi ilifaa kitu, ilimfaa mbweha.

Wanasema siku za mwizi ni arubaini. Zangu mimi zilikuwa karibu kuliko zake. Akachukuliwa mtetea mwingine, wakabaki wawili, na sokoni kuku walikuwa adimu. Nilipomlalamikia mume wangu, alisema hayo ni mambo ya wanawake akatoka kwenda barazani, kama kawaida yake panapozuka neno la maana.

Asubuhi moja nikakuta shimo jipya pembeni mwa banda, limefika nusu. Nikapandwa na hasira. Mama mkwe alikuwa amekaa anachambua mchele. Nikamsimamia kichwani na tumbo langu.

"Mama, hawa nao wakiliwa, utanipa supu ya ubani?"

Akaendelea kuchambua mchele wake.

"Mie nikifa, huo mkunazi si mtauleta tu? Bora uje sasa, ningali hai!"

Mkwe haambiwi maneno kama hayo. Nilingojea matusi, na aliyajua, ya Kiswahili na ya Kiarabu. Akaweka ungo chini, akatwaa panga, akatoka. Alirudi anaburura matawi, buibui limechanika, mikono inatoka damu. Akachimba mwenyewe, akayafukia kulizunguka banda, kila tawi na bismillahi yake. Nilipotaka kumsaidia akanifukuza.

"Usiuguse! Kaa mbali nao!"

Mbweha alirudi, maana tuliziona alama za makucha yake mchangani. Kuku wote wawili walikuwepo, wanatutazama kwa dharau.

Nikajifungua salama, mtoto wa kike, kwa makelele ambayo jirani aliyasimulia miaka. Mume wangu akaitwa kuchinja, hilo aliliweza. Mama mkwe akaniletea bakuli la supu, akakaa kitako mbele yangu, macho hayabanduki mdomoni mwangu. Nikamuuliza ana nini.

"Wifi yako nilimfugia kuku vivi hivi," akasema. Wifi yangu huyo alikufa akijifungua, kabla sijaolewa, na nyumbani hakuwa akitajwa. "Nikamwosha kwa mikono yangu. Kuku wake wakaliwa na watu wa matanga."

Pilipili ilinipalia, au niliisingizia pilipili. Nikamaliza nyama, nikafyonza mfupa, nikampa bakuli.

"Nitilie tena, mama," nikamwambia.