Ng'ombe wa Robi Walivyokwenda Chuo

Robi aliolewa kijijini Kisaka kwa ng'ombe wanane, na kwa desturi ya Wakurya ng'ombe hao walikuwa wa kumwoza mdogo wake, Erasto. Mke atakayeolewa kwa ng'ombe hao angepaswa kumheshimu Robi maisha yake yote: kila akija nyumbani, amchotee maji, amsagie ulezi, amtandikie kitanda. Robi alimsubiri kwa hamu wifi huyo. Hata kabla hajapatikana, alikuwa ameshaanza kumlalamikia uvivu.

Badala ya kuoa, Erasto alichaguliwa chuo cha ualimu. Mahindi yalikuwa yamekauka shambani, mkopo akakosa, na baba yao, mzee Nyamhanga, akaanza kuuza ng'ombe wa Robi mmoja mmoja kila ada ilipodaiwa. Kila mara alimpigia binti yake simu kuomba ruhusa, na kila mara Robi aliuliza, "Tata, sasa huyo mke ataolewa kwa ng'ombe gani?"

"Atakuja mwenyewe akisikia kuna mwalimu."

Mwaka wa mwisho zizini alibaki ng'ombe mwekundu peke yake, na chuo kikatangaza kwamba asiyemaliza ada hatafanya mtihani. Safari hii Robi hakujibu kwenye simu. Alisafiri mpaka kwao Tarime, akamwamkia baba yake, akakalia kigoda.

"Huyu simtoi," alisema. "Wenzangu wakienda kwao wanapokewa na wake wa ndugu zao. Mimi napokewa na mbuzi."

"Mwanangu, huyu asipouzwa, wale wengine wote wamekwenda bure."

Robi akamgeukia Erasto, aliyekuwa amerudi kufuata ada na sasa amesimama mlangoni na shati lake jeupe la chuo, akamkagua toka juu mpaka chini kama mtu aliye mnadani.

"Basi ng'ombe wangu wamemlipia huyu. Mke wangu ni huyu."

Mzee Nyamhanga alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha.

"Dada, mimi ni mwanaume," alisema Erasto.

"Sijakataa. Ndoo ile pale."

"Watu wataniona kisimani."

"Wakuone, mura. Wakiuliza, waambie umeolewa."

Erasto alimtazama baba yake. Mzee akamtazama ng'ombe.

Wasichana waliokuwa kisimani walimtwika ndoo huku wamekufa kwa kicheko. Alirudi na maji nusu. Nusu nyingine ilikuwa imeishia kwenye shati. Kisha akapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, akasaga ulezi mpaka jasho likamdondoka puani. Ugali uliotoka humo ulikuwa na changarawe. Robi aliula wote, akitafuna polepole, akisita kidogo kila jino lilipogonga jiwe.

"Nimeona wake wabaya kuliko huyu," alisema akinawa mikono.

Asubuhi alimfungua ng'ombe mwekundu mwenyewe, akaongozana na baba yake mpaka mnadani. Huko aliwasema wanunuzi mpaka bei ikapanda, nadhani kwa sababu walitaka tu anyamaze. Ada ikalipwa siku hiyo hiyo.

Robi alipokuwa anaondoka kurudi Kisaka, Erasto alimsindikiza barabarani, amembebea mkoba.

"Asante, dada. Nikipata kazi nitaoa, upate mtu wa kukupokea."

"Oa," alisema Robi. "Lakini mweleze mapema huyo binti wa watu. Wewe ndiye mke mkubwa."