Partition za msaji za ofisi ya Al Khuwair, na uongo niliomwambia seremala wangu

Wakuu, assalaam alaykum nyote, wake kwa waume.

Mie ni bibi wa wajukuu kumi na mmoja, nakaa Hail, hapa Maskati. Skuli niliishia darasa la nne na nachapa kwa kidole kimoja, basi mkiona herufi zimepandana zisomeni hivyo hivyo.

Ninayoyaandika yamenipata mwenyewe. Sikuhadithiwa. Ningekuwa na njia ya kuyafanya yasiwe kweli ningeshaifuata zamani.

Juzi kuna ndugu humu kauliza: anatengeneza ofisi za wakubwa, achukue partition gani za kugawia vyumba, solid wood, yaani mti mzima, au zile za veneer. Mkamjibu mbio mbio. Solid wood, solid wood, mkubwa hakai nyuma ya karatasi.

Maneno hayo hayo niliyasema mie. Sasa kaeni.

Mume wangu, Mzee Khalfan, alikuwa seremala. Si wa kugongagonga misumari. Seremala. Kajifunza Unguja kwa babake, akaja huku akafungua karakana Wadi Kabir, na milango ya nyumba nyingi za watu wenye majina mji huu imepita mikononi mwake. Mie nimezipiga msasa na kuzipaka mafuta mbao zake tangu nilipoolewa, kwa hiyo mtu asinifundishe mbao. Msaji, wenyewe huita teak, naujua kwa pua.

Mjukuu wetu Raya, binti wa mwanangu mkubwa Salim, kasoma, ana kazi kwenye kampuni moja Al Khuwair. Kampuni ikahamia ghorofa mpya, mudir wake, mkubwa wao wa kazi, akamkabidhi kuchagua partition za upande wa wakubwa. Chumba cha mudir mwenyewe, chumba cha mkutano, na ukuta wa mbele wanapokaa wageni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuaminiwa kwa kitu kikubwa.

Nikamwambia tunakwenda wote kutazama. Hakunialika, nilijialika.

Kule showroom muuzaji katutolea visample vyembamba, kavipanga mezani kama vipande vya halua. Rangi ya asali, rangi ya tende, rangi ya kahawa. Vizuri, sikatai. Nikakichukua kimoja nikakitazama ubavuni. Juu ngozi ya mti, nyembamba kama ganda la kitunguu. Ndani unga wa mbao ulioshindiliwa. Nikakigonga kwa pete yangu, kikalia bubu.

Nikamwambia muuzaji, "Huu si mti, mwanangu. Huu umevaa nguo ya mti."

Raya akanivuta mkono wa abaya. "Bibi, ofisi zote zinatia hivi."

"Ofisi zote hazina babu seremala."

Njia nzima ndani ya gari nikamchoma. Mjukuu wa Khalfan atie unga wa mbao mbele ya wageni? Watu watasema nini? Watu hawakuwa na habari na sisi, wakuu, lakini mie watu nawabeba kichwani kila niendako.

Mwisho akakubali. Akaenda akamshawishi mudir, akasema babu yake atazifanya kwa msaji mtupu, toka chini mpaka dari. Mudir akakubali kwa dhamana ya neno la Raya.

Mzee mwenyewe hakuruka kwa furaha. Wasiojua hudhani seremala lazima aitukane veneer. Yeye alisema nyumba inayopigwa AC mchana kutwa, veneer si ujinga, maana haichezi. Ubao mzima unakunywa hewa. Wadi Kabir wakati wa joto hewa ina maji, ubao unavimba. Ukiutia kwenye baridi kavu unanywea, na ukinywea unaachana na mwenzake.

Basi akatoa sharti moja. Mbao zikishapasuliwa zilale wiki tatu ndani ya vyumba vile vile zitakavyokaa, AC inawaka. Ndipo yeye aende aziunge pale pale.

Sharti hilo hakupata kulivunja maisha yake. Kuna bwana harusi mmoja alimzuia asihamie nyumba yake mpya na bi harusi kwa sababu milango haijalala. Bwana harusi alinuna, lakini alingoja.

Sasa, mzee alikuwa hashiki simu. Masikio mazito, na vidole vimekufa ganzi kwa kisukari, kioo cha simu hakimsikii. Maneno yote baina yake na Raya yalipita kwangu.

Mbao zikapelekwa. Siku ile ile Raya akanipigia. Juu mafundi rangi hawajamaliza na AC hazijafungwa, mbao zimewekwa basement penye magari, kuna joto kama tanuri.

"Bibi, muulize Babu kama inafaa. Kama haifai nitamwambia mudir asogeze siku ya ufunguzi. Atanielewa."

Hapo msome mara mbili. Mtoto alikuwa tayari kusogeza.

Lakini mie nilikuwa nimeshatangaza. Harusini, kwenye maulidi, mpaka kwa daktari wa macho nilimwambia ofisi za wakubwa Al Khuwair anazifanya mume wangu. Je, mudir akichoka kungoja akaigeukia ile kampuni ya nguo za mti? Uso wangu niuweke wapi?

Nikaishika simu sikioni kidogo, kama nakwenda kuuliza. Mzee yuko ukumbini anakunywa chai, hatua kumi hazifiki. Sikwenda.

Nikamwambia Raya, "Kasema huko huko kunatosha."

Na mzee aliponiuliza, nikamwambia zimelala juu ofisini, AC inawaka tangu asubuhi.

Wiki tatu zikapita, mafundi rangi wakamaliza, baridi ikawashwa. Siku ya kuunga nikaenda naye na sufuria langu la pilau. Wafanyakazi walikuwa wameshazipandisha mbao kabla hatujafika. Mzee akaweka kiganja juu ya ubao wa kwanza. Akakihamishia kwenye wa pili.

"Mama Salim, mbao hizi zina joto."

"Joto la wapi, na mie natetemeka hapa?"

"Zimelala humu kweli?"

"Khalfan, kwani mie mwongo?"

Akakitazama kiganja chake, akakisugua kwenye kanzu. "Basi ni mkono wangu," akasema.

Aliniamini mie, akaukadhibisha mkono wake.

Zikaungwa. Uzuri wake siwezi kuuandika. Msaji ule ukapakwa mafuta ukawa kama shingo ya farasi, mishipa ya mti inapanda kutoka chini mpaka juu haikatiki. Mudir alipita akiupapasa. Raya akapiga picha akamtumia kila mtu, nami nikaziomba nikawatumia wasioziomba.

Miezi miwili haikutimia. Viungo vikaanza kuachia. Kwanza ungepitisha karatasi, halafu kidole. Mlango wa mudir ukapinda ukawa haufungi. Makarani nje wakawa wanamsikia mudir anavyogombana na mkewe kwenye simu, neno kwa neno, wakenda kucheka chooni. Mudir hakucheka. Akaamrisha zing'olewe, ikaitwa kampuni ile ile ya visample. Raya akaondolewa kwenye project, akapewa mwengine.

Mzee akaomba apelekwe kabla hazijang'olewa. Akatia kidole kwenye ufa, akakipandisha taratibu mpaka mkono ukafika mwisho wake. Tukarudi garini.

"Mbao zililala," akasema. "Kwa hiyo ni kuunga kwangu."

Kisha akanigeukia, akangoja.

Nikatazama dirishani. Kulikuwa na taa za barabara na gari la maji. Mpaka leo sijui alikuwa anajihukumu yeye au ananipa nafasi mie.

Wiki ile akafunga karakana. Randa zake, patasi zake, vyote akavigawa. Ijumaa Raya akija kula kwetu, mzee akisikia gari tu anaingia chumbani, analala kaelekea ukutani. "Mwambie nimelala." Alikuwa anamwonea haya mtoto, kwamba kamharibia jina kazini.

Raya mwanzo alikuwa anabisha hodi. Baadaye akaacha.

Ilikuwa hivyo karibu mwaka. Kila Ijumaa nikajiambia leo nitasema. Nikaona chakula kinapoa. Nikaona mzee kachoka. Nikaona wageni wapo. Mtu anayetaka udhuru haukosi, unamjia mpaka jikoni.

Mwezi wa Shaaban, baada ya sala ya adhuhuri, akafa. Mungu amrehemu. Nilimkuta bado kaelekea ukutani.

Siku ya tatu ya msiba, wanawake wameshaondoka, Raya alikuwa jikoni anaosha vikombe vya kahawa. Akasema bila ya kugeuka, "Babu kafa na hasira na mimi. Kwa sababu niliwaacha wazing'oe."

Nikamwambia babu yake hakuwa na hasira, alikuwa anamwonea haya. Hakufahamu. Basi nikamwambia yote. Basement, simu, kile kiganja, maneno ya garini. Sikupamba. Mie maisha yangu yote nimepamba, siku ile nilitoa mifupa mitupu.

Raya akafunga bomba.

"Yeye chumbani, mimi ukumbini," akasema. "Na wewe ulikuwa unapita katikati na sinia."

Akavipangusa vikombe vyote, kimoja kimoja, akavipanga, akaenda zake.

Sasa ndugu uliyeuliza, jibu lako hili hapa. Ukitaka veneer chukua, si aibu, angalia tu pembe zake zimezibwa vizuri. Ukitaka mti mzima chukua, hakuna kinachoushinda, lakini uulaze pale pale utakapokaa, hata kama mkubwa wako anapiga meza. Na fundi umsikie kwa masikio yako. Usimsikie kupitia kwa mtu ambaye kazi hiyo keshaitia kwenye sifa zake. Fakhari yangu ilikuwa ya kazi ya mume wangu, na kazi hiyo hiyo ndiyo niliyoiua.

Raya bado anakuja kila Ijumaa. Kalelewa yule. Ananipeleka kliniki, dawa zangu anazijua kuliko mie. Ila zamani alikuwa akiingia ananibusu kichwa. Siku hizi ananipa mkono. Naupokea.

Semeni mtakavyo, wakuu. Sikuandika nipewe pole, na mwenye kunisuta anisute, nimezidiwa na makubwa kuliko hayo. Ila kama yumo humu aliyewahi kwenda kwa mtu wake akamwambia kosa la namna hii naye angali hai, namwomba aniandikie hapa chini alianzaje. Neno la kwanza kabisa lilikuwa lipi.

Hilo ndilo lililonishinda mie. Mengine yote nilikuwa nayo.