Kukaa na Wenzake

Binti yetu alizaliwa umio lake likiwa halijaungana na tumbo. Alipasuliwa angali mchanga kabisa, njia ya chakula ikaunganishwa, nasi tukashukuru Mungu. Hatukuelewa wakati ule kwamba kovu lingeendelea kubana. Kila lilipobana, chakula kilikwama, nasi tulimpeleka Eldoret apewe dawa ya usingizi, njia ipanuliwe. Alikula vizuri kwa muda, kisha mambo yakarudi palepale.

Mimi huchomelea milango na madirisha mjini Kakamega, na mke wangu hufundisha chekechea. Watu hudhani kinachotuchosha ni hospitali. Hospitalini angalau kuna mwingine anayemwangalia mtoto, unaweza kusinzia kwenye benchi. Kinachochosha ni chakula cha kila siku. Kuponda nyama, kulowesha obusuma, yaani ugali, kwenye mchuzi hadi ulegee, kusema tafuna, bado, kunywa maji kwanza. Hata nikiwa uani nikinawa, masikio yangu yalikuwa mezani, yakingoja kikohozi.

Alipoingia gredi ya tatu alianza kurudi nyumbani na chakula chake cha mchana kikiwa hakijaguswa. Akakonda. Tukajua njia imebana tena, nikafunga karakana tukaenda kliniki.

Daktari alikuwa mgeni kwetu, mwanamke wa makamo. Aliangalia picha ya eksirei kwa muda mrefu.

"Haijabana sana," alisema, kisha akamgeukia mtoto. "Mama, chakula kinakwama?"

"Mara moja moja."

"Sasa mbona huli shuleni?"

Mke wangu alitaka kumjibia, kama tulivyozoea. Daktari akamwomba kwa mkono angoje.

"Ninakulanga kwa ofisi ya walimu," mtoto alisema akiangalia viatu vyake. "Peke yangu. Mwalimu ananiangalia mdomo. Nikikohoa wote wanasimama. Nikitoka, wenzangu wamemaliza kucheza."

"Na wewe ungetaka nini?"

"Kukaa na wao. Hata kama ni uji tu."

Ofisi ile tulikuwa tumeiomba sisi wenyewe, na tulipokubaliwa tulifurahi sana. Pale kwenye korido mke wangu aliegemea ukuta akalia, bila sauti, kama mtu ambaye hata nguvu za kulia hana.

"Na akipaliwa?" aliniuliza.

Tukarudi ndani kumuuliza daktari.

Daktari alimwonyesha mtoto jinsi ya kuinama na kutulia kitu kikikwama, na dalili za kumwita mtu mzima haraka. Shuleni mwalimu wake hakupenda wazo la mtoto kula na wenzake. "Mzazi, darasa limejaa. Nikigeuka kidogo tu, je?" Mwishowe alikubali kujaribu, akatuambia baadaye kwamba binti yetu alisimama mbele ya wenzake na kuwaeleza mwenyewe: "Nikikohoa msinigonge mgongo. Mniache, itashuka. Nikishindwa kupumua, muite mwalimu."

Wiki hiyohiyo nikapigiwa simu kutoka shuleni. Punje ya mahindi kwenye githeri ilikuwa imekwama. Niliacha mashine, nikapanda boda nikiwa bado na aproni ya kazi. Nilipofika nilimkuta uwanjani akiruka kamba. Alikuwa ametoka nje, ameitema, amerudi kumalizia chakula chake.

"Baba," aliniuliza, mbele ya wenzake, "umekuja kufanya nini?"

Nikasema nilikuwa napita tu. Niliketi kwenye ngazi za darasa, nikavua aproni.

Hajapona. Bado huwa wa mwisho kumaliza kula, na siku nyingine anakunywa uji tu. Ila sasa chombo hurudi kitupu, na mashavu yameanza kujaa. Likizo iliyofuata tulimrudisha Eldoret akapanuliwe njia ya chakula. Alipozinduka alikuwa mkali, akadai chai, akaitapika, akadai nyingine. Mke wangu alikuwa amelala akiwa ameketi. Nilimshikia mtoto kikombe, naye akanywa kidogokidogo.